Njia ya Makorongo: Kutoka Kidia hata Masama

Mwezi huu tujifunze habari za njia ya miguu iunganishayo makanisa yetu ya kwanza. Katika nchi nyingine msafiri hufuata ukingo wa mto mmoja, akafika kanisa hata kanisa. Kwetu sivyo. Mito hutelemka kutoka mlimani kwenda nyika, na makanisa yamesimama juu ya migongo iliyo kati ya mito. Basi amwendeaye jirani hana budi kushuka korongoni, kuvuka maji, na kupanda tena.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, wakafika Mamba 1894, na Kidia ya Moshi 1896. Masama ilipata stesheni yake baadaye, kwa kazi ya Bruno Gutmann, aliyefika mlimani 1902. Atokaye Kidia kwenda magharibi huvuka Karanga, hupita Kibosho, huvuka Weruweru na kuingia Machame. Kisha huvuka Kikafu, ndipo afike Masama.

Hapo kale makorongo haya yalikuwa mipaka ya vita. Siku za Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, mtu hakushuka mtoni pasipo hofu. Wala tusiseme kwamba Injili peke yake iliondoa vita hivyo. Wajerumani walimshinda Sina kwa bunduki mwaka 1891. Lakini bunduki haifanyi undugu. Undugu ulitaka watu wa kuvuka na kusalimiana. Hata wamisionari Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, walimu na wazee wa hapa ndio waliozishika sharika.

Leo twashuka kwa gari hata barabara ya lami, tukapanda upande wa pili. Jirani wa ng'ambo twaona moshi wa jiko lake, wala hatumjui jina. Waisraeli walipovuka Yordani walitwaa mawe mtoni, ili watoto wakiuliza waelezwe. Watoto wetu watauliza nini, ikiwa hawajafika mtoni?

Basi yafaa killa usharika uchague siku moja ya kiangazi, maana wakati wa masika mito hujaa na utelezi ni wa hatari. Wazee watangulie, vijana wachukue chakula.

Maswali ya kujibiwa nyumbani:
1. Ni mto gani ulio kati yetu na usharika wa jirani?
2. Nani angali ajua mahali pa kuvukia?
3. Nani atamwuliza kabla hajafa?