Muziki Mtulivu kwa Mgonjwa wa Sonona

Mgonjwa wa sonona anayetibiwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, huonana na mtaalamu kwa muda mfupi, kisha hurudi nyumbani kupambana na mawazo yaleyale na usiku usio na usingizi. Huko nyumbani muziki unaweza kuisaidia tiba. Uchambuzi wa mwaka 2022 ulikusanya tafiti 13 za watu wazima 1,007 wenye shida ya usingizi. Waliosikiliza muziki dakika 25 hadi 60 kila siku walieleza kuwa wanalala vizuri zaidi. Uchambuzi mwingine, wa 2017, ulionyesha kuwa tiba ya muziki ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida, dalili za sonona hupungua zaidi, walau kwa muda mfupi. Tiba hiyo huendeshwa na mtaalamu, hivyo redio ya sebuleni haiwezi kushika nafasi yake.

Muziki mtulivu ukitajwa, wapo watakaofikiria muziki wa klasiki wa Ulaya na kuuliza unatuhusu nini. Swali ni la haki. Kinachotuliza ni mwendo wa polepole, sauti isiyoshtua na mazoea ya msikilizaji. Mtunzi kama Bach anafaa kwa anayempenda, na kwa mwingine zeze, kaswida au kwaya ya kanisani itafaa kuliko Bach. Unyamwezi, yaani eneo la Tabora, haukungoja watafiti ili uijue nguvu ya sauti. Katika karne ya 19 wapagazi waliotoka Ujiji kwenda Bagamoyo kupitia Tabora waliimba chini ya mizigo yao, na Waswezi, chama cha jadi cha uganga, walikuwa na ngoma za kuwashughulikia wagonjwa. Ni kweli kwamba wale waliimba na kucheza pamoja, na kusikiliza peke yako si jambo lilelile. Ndiyo maana ni vema mmoja wa nyumbani akae na mgonjwa wakisikiliza.

Wengine wanahofu kwamba muziki utamzidishia huzuni. Hofu hiyo ina msingi, maana wimbo uliopigwa msibani unaweza kumrudisha mtu kwenye msiba wake. Basi achague mwenyewe, sauti iwe ya chini, na akionekana kuzidiwa, zimeni. Dawa asiziache kwa sababu amelala vizuri wiki moja. Na akitamka kwamba anataka kufa, msimwache peke yake: mpelekeni hospitali au kituo cha afya saa hiyohiyo.