Kura Isiyo ya Haki Ndani ya Ua la Mpunga

Chukua suke la mpunga uliozaliwa kwa kuchanganya mbegu mbili za nasaba zilizo mbali, ulibonyeze punje kwa punje. Mmea ulikuwa na afya, maji hayakukatika, mbolea ilitiwa kwa wakati, ndege walifukuzwa. Hata hivyo punje hii ina mchele, inayofuata ni pepe, mbili zina mchele, tatu ni mapepe. Ukimaliza kuhesabu, karibu nusu ya suke ni makapi matupu. Mkulima wa bonde la Cheju au Kibokwa atauliza ni ugonjwa gani huu. Si ugonjwa. Ni urithi, na ili kuuelewa inabidi tuanze mwanzo kabisa.

Kila seli ya mwili wa mpunga ina kromosomu 24, yaani jozi 12. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba, kwa hiyo kila jeni iko katika nakala mbili. Mmea unapotengeneza chavua na mayai, jozi hizo huachana: kila chembe ya chavua, na kila yai, hupata nakala moja tu. Ipi? Hapo ndipo kura inapopigwa. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alitumia mbaazi za bustanini kwake kuonyesha, katika makala yake ya mwaka 1866, kwamba kura hiyo ni ya haki: kila nakala ina nafasi ya nusu kwa nusu.

Tuiandike kwa herufi. Mzazi mmoja ana AA, mwingine aa. Mtoto wa kwanza, yaani chotara, ni Aa. Chotara huyu akijichavusha mwenyewe, kama mpunga unavyofanya kwa kawaida, wajukuu watagawanyika: robo AA, nusu Aa, robo aa. Ukipanda wajukuu 200 unatarajia 50, 100 na 50. Hii pia ndiyo sababu mkulima anayenunua mbegu chotara hashauriwi kuweka akiba ya kupanda msimu ujao, kwani shamba litachanganyika, mmea mrefu na mfupi, wa mapema na wa kuchelewa.

Sasa tuseme umehesabu ukapata 58, 96 na 46. Usishtuke. Kura ya haki haitoi hesabu kamili kila mara, na wanatakwimu wana kipimo cha kuonyesha kwamba tofauti ndogo kama hii ni ya bahati tu. Lakini ukipata 100, 100 na 0, hiyo si bahati. Kundi zima la aa limetoweka. Kuna kitu kimeingilia kura yenyewe.

Kitu hicho kiko ndani ya ua. Mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa mahali panapoitwa S5, kwenye kromosomu ya 6 ya mpunga wa Asia. Mpunga wa Asia una koo kuu mbili, indika na japonika, na chotara wa koo hizi mara nyingi huwa na mapepe mengi. Mwaka 2012 watafiti wa China walieleza katika jarida la Science kwamba hapo S5 kuna jeni tatu zilizokaa jirani. Mbili za kwanza, ORF5 na ORF4, zikifanya kazi pamoja huua. Ya tatu, ORF3, hukinga.

Ukoo wa indika una ORF5 inayofanya kazi lakini ORF4 yake haifanyi kazi. Ukoo wa japonika ni kinyume chake. Kwa hiyo kila mzazi ana nusu ya silaha tu, na ndiyo maana masuke ya wazazi wote wawili hujaa vizuri. Nusu hizo mbili hukutana kwa mara ya kwanza ndani ya chotara. Sumu inatengenezwa na mwili wa mmea mama na kuvifikia vifuko vyote vya mayai, vilivyorithi nakala hii na vilivyorithi ile. Kinga, hata hivyo, imo katika nakala ya indika peke yake. Kifuko kilichopata nakala ya indika hupona, na kilichopata ya japonika hufa kabla chavua haijafika. Mayai nusu yamekufa, na suke nusu ni mapepe. Mayai yaliyobaki karibu yote yana nakala moja, basi hata chavua ikija nusu kwa nusu, wajukuu watakuwa 100, 100 na 0. Kila pepe ulilolibonyeza mwanzoni ni yai lililokosa kinga.

Hali ya pili inanitia wasiwasi zaidi, maana haionekani kwa jicho. Mwaka 2018 Science ilichapisha uchunguzi mwingine, wa mahali panapoitwa qHMS7, katika uzao wa japonika na mpunga mwitu wa Australia, Oryza meridionalis. Hapa kinachouawa ni chavua. Jeni moja hutengeneza sumu inayozifikia chembe zote, na jirani yake hutengeneza dawa ndani ya chembe zile tu zilizoirithi. Jeni hizo mbili zimekaa karibu mno, hivyo hurithiwa pamoja, na chembe isiyo nazo haina dawa. Nusu ya chavua hufa, lakini ua la mpunga lina chavua nyingi kuliko inayohitajika. Suke linajaa kama kawaida. Hakuna mkulima atakayelalamika, na mtafiti asiyehesabu hatajua kamwe kwamba nakala moja ilikuwa inafutwa kizazi baada ya kizazi. Kwenye mmea wenyewe dalili iko chini ya darubini tu: ponda vifuko vya chavua kwenye kipande cha kioo, tia tone la maji ya madini joto, na chembe nzima zitageuka nyeusi kwa sababu ya wanga wake, huku zilizokufa zikibaki hafifu, zimenywea.

Haya yanatuhusu sisi wa Unguja. Mpunga wa Asia ni wa zamani hapa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata punje zake zilizoungua huko Unguja Ukuu. Lakini Afrika ina mpunga wake wenyewe, Oryza glaberrima, mvumilivu wa ukame na magugu, ulioanza kulimwa Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1990 Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake wa kituo cha utafiti wa mpunga cha Bouaké, Ivory Coast, waliuchanganya na wa Asia, na mbegu zilizotokana, NERICA, zimefika hadi visiwani kwetu. Chotara wa kwanza walikuwa karibu tasa. Iliwabidi wawarudishe kwa mzazi wa Asia mara mbili ndipo masuke yakajaa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mahali pengine panapoitwa S1, napo pako kwenye kromosomu ya 6. Katika chotara, nakala ya mpunga wa Afrika huangamiza chavua na mayai yenye nakala ya Asia. Unaweza kumrudisha chotara kwa mzazi wa Asia upendavyo, kipande hicho hung'ang'ania, nacho hubeba majirani. Kwenye kromosomu hiyohiyo, karibu kiasi cha kurithiwa pamoja nacho mara nyingi, iko jeni ya Wx, inayoamua aina ya wanga wa punje, na kwa hiyo kama wali utachambuka au utashikana. Kwa wateja wa Darajani wanaochagua mchele kwa ajili ya biriani, hilo si jambo dogo. Sifa ya sufuriani inaweza kuburutwa na jeni inayoua chavua bondeni.

Njia za kutoka zipo. Baadhi ya mbegu zina nakala ya S5 iliyovunjika, isiyoua wala kuuawa, na Hiroshi Ikehashi na Hitoshi Araki wa Japani waliigundua katika miaka ya 1980. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba jeni OgTPR1 ya S1 ikizimwa, utasa unaondoka. Zanzibar nayo iliwahi kupita njia tofauti kabisa: mbegu ya Supa BC, iliyotolewa mwaka 2011, ilipatikana kwa kupiga mionzi punje za mpunga wa Supa na kuchagua mabadiliko yaliyofaa, bila kuchanganya nasaba za mbali. Naiona kuwa njia ya busara kwa kisiwa kinachoipenda Supa kwa harufu yake. Lakini mionzi haiwezi kukuletea uvumilivu wa ukame ulioko kwenye mpunga wa Afrika. Huo utaufuata kwa kuchanganya, na ukichanganya utakutana na S1.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa kilimo uliyeko Kizimbani, hesabu ikikataa kukaa robo, nusu, robo, usiifute wala usiilazimishe. Andika ulichohesabu, kisha chukua ua kabla halijafunguka na upeleke chavua kwenye darubini.