Daftari la ufuo na blokucheini

Swali: Nauza omena hapa Isebania, naichukua Muhuru Bay. Nasikia kuna ardhi zinazojiendesha kwa blokucheini, bila mwenyekiti. Ni kweli?

Majaribio yapo, mama. Mwaka 2016 kikundi cha terra0 cha Berlin kilibuni msitu unaouza wenyewe vibali vya kukata miti na kuweka akiba hadi ujinunue. Mwaka 2021 kikundi cha mtandaoni cha CityDAO kilinunua ekari 40 Wyoming, Marekani. Blokucheini ni daftari lenye nakala kwenye kompyuta nyingi; ukifuta ukurasa kwenye yako, zile nyingine zinakukana.

Swali: Na kwetu?

Kwa upande wa pesa, Bangla-Pesa ilianza 2013 mtaani Bangladesh, Mombasa, ikiwa vocha za karatasi. Baadaye ikazaa Sarafu, iliyohamia kwenye blokucheini na kutumika hata kwa simu za mulika mwizi. Kwa upande wa mahali panapojiendesha, mfano wetu ni BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo. Kanuni za 2007 ziliupa ufuo mkutano wake mkuu na kamati yenye wenye mitumbwi, wavuvi na wachuuzi.

Swali: Basi tuihamishe BMU huko? Tumechoka na daftari linalopotea siku ya hesabu.

Hesabu, hamisheni. Ada zikiandikwa kila jioni, utaziona ukiwa Isebania bila kumbembeleza mtu.

Kura zibaki ufuoni, na hapo sitalegeza. Katika mifumo mingi ya aina hii kura hufuata tokeni, yaani hisa za kidijitali alizonazo mtu. Mwenye mitumbwi kumi atakuwa na sauti kumi, na mama anayeanika omena abaki na ya kunong'ona. Leo kwenye mkutano wa ufuo mkono wake ni mmoja, na wa tajiri ni mmoja. Tena programu haijui aibu: Juni 2016, mfuko wa blokucheini ulioitwa The DAO ulichotwa sarafu za kidijitali za ether milioni 3.6 kupitia kasoro iliyokuwa ndani ya programu yake yenyewe.

Swali: Blokucheini itazuia wizi wa mizani?

Haitauzuia. Inatunza kilichoandikwa; haikuwepo karai lilipopimwa. Kilo 60 zikiandikwa 40, hizo 40 ndizo zitakazodumu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza habari za kompyuta, dai jambo moja: uzito usiingie daftarini mpaka mwenye mtumbwi na mnunuzi wote wawili wauthibitishe, kila mmoja kwa simu yake, wakiwa bado wamesimama mbele ya mizani.