Matibabu bure, nauli je?

Mama mjamzito hapaswi kulipia kujifungua katika kituo cha serikali. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi, wala mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo. Hayo yamo katika Sera ya Afya ya 2007 na wengi wanayajua, ingawa dirishani bado watu huambiwa wakanunue glovu. Kisichotajwa ni kwamba msamaha huo unaanzia mlangoni mwa zahanati. Kutoka kitandani hadi mlangoni hapo, ni shauri lako na bodaboda.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 11, inaitaka serikali iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ila ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Wenzetu Kenya wana ibara ya 43(2) ya Katiba yao ya 2010: mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na akinyimwa anaweza kushtaki. Kwetu anayetaka mahakama hushika ibara ya 14, haki ya kuishi, na hiyo ni njia ndefu mno kwa mwenye mgonjwa anayetapika damu usiku huu. Kwa hiyo leo naweka mahakama kando. Tushike taratibu ambazo serikali yenyewe imejiwekea, maana mtumishi wa umma hukwepa hoja ya haki kirahisi kuliko anavyokwepa utaratibu wa mwajiri wake.

Utaratibu wenye nguvu kuliko zote ni m-mama, usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga. Ulianza kama majaribio Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa Aprili 2022. Namba yake ni 115 na simu hiyo haikatwi salio. Wanaohusika ni mjamzito aliyepata dharura, mama aliyejifungua ambaye bado yuko ndani ya siku 42, na mtoto mchanga wa siku zisizozidi 28. Mama si lazima apige mwenyewe. Mume, jirani, mkunga wa zahanati, yeyote aliye karibu anaweza kupiga.

Anayepokea yuko kwenye kituo cha mkoa wako, lakini hakijui kijiji chako kama wewe unavyokijua. Atauliza mama ana hali gani: damu inatoka, amepata degedege, chupa imevunjika kabla ya wakati, mtoto hanyonyi? Halafu atauliza mlipo. Hapo ndipo dakika nyingi zinapopotea. Taja kata, kijiji na kitongoji, kisha kitu ambacho dereva hawezi kukikosa: shule, msikiti, mashine ya kusaga. Mtu mmoja asimame barabarani na tochi, na simu uliyopigia isizimwe. Gari la wagonjwa likiwa mbali, ataitwa dereva wa kijamii, yaani mtu wa maeneo hayo mwenye gari lake aliyeingia mkataba. Dereva huyo analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama kituoni. Akikudai hata shilingi elfu tano ya kuanzia, hana haki nayo; piga tena 115 mbele yake ueleze.

Kwa kliniki ya kawaida ya kila mwezi usipige namba hiyo, haikuwekwa kwa ajili hiyo. Na kuna pengo ninaloliona kubwa: bibi aliyepooza ghafla, au kijana aliyevunjika mguu shambani, hawamo. Kwao njia ni kupiga simu kituo kilicho karibu na kuomba gari la halmashauri. Namba ya mganga mfawidhi kwa kawaida hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa zahanati. Iandike leo, mgonjwa akiwa bado mzima.

Mgonjwa akishafika kituoni na kupewa rufaa ya dharura, mambo yanabadilika. Kituo kinachotoa rufaa ndicho kinachopaswa kupanga safari, kutoa barua yenye maelezo ya mgonjwa na kumpa mhudumu wa kumsindikiza. Hapa ndipo ndugu huambiwa: gari lipo, mafuta hakuna, changeni. Usigombane. Uliza maswali mawili tu. Je, mchango huu umewekwa na nani? Naomba namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba? Malipo halali ya kituo cha umma hupita humo na yana risiti. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu binafsi, hayo si malipo ya kituo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamwadhibu anayepokea na anayetoa, na ndiyo maana wengi waliotoa hunyamaza. Mgonjwa akiwa katika hali mbaya nisingekuambia ubishane hadi afe. Lakini andika namba ya gari, jina, saa, hifadhi ujumbe wa muamala, na upige TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113 haraka iwezekanavyo.

Upande wa huduma nyumbani, hakuna sheria inayomlazimisha daktari aje kwako. Anayepaswa kuja ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mpango mpya wa wahudumu hao ulizinduliwa mwaka 2024. Kazi yake ni kutembelea kaya, kutambua mgonjwa na kumuunganisha na kituo. Hachomi sindano wala hafanyi upasuaji. Kama hamjui wenu, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji anatakiwa amjue. Mgonjwa wa kifua kikuu ana hiari ambayo wengi hawaambiwi: anaweza kumezea dawa nyumbani akisimamiwa na ndugu aliyemchagua, badala ya kwenda kituoni kila asubuhi. Anayetumia ARV na hali yake imetulia aulize kuhusu kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Mwenye presha au kisukari naye aulize vivyo hivyo, jibu litategemea daktari na akiba ya dawa. Mwenye ulemavu ana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayokataza kubaguliwa kwenye huduma za afya. Kituo kisicho na njia ya kiti cha magurudumu kiandikiwe barua.

Barua hiyo, na malalamiko mengine yote, ianzie kwa mganga mfawidhi, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na Afisa Ustawi wa Jamii. Wizara ya Afya hupokea simu kwa namba 199. Mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, wa muuguzi au mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukishindwa kuandika, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria; ulizia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kabla hujaondoka dirishani.