Alu humezwa pamoja na mafuta, na humezwa yote

Homa ikishashuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki vya Alu, dawa ya malaria, huishia juu ya kabati, akiba ya mgonjwa ajaye. Huku kwetu Karagwe na Kyerwa akiba hiyo ni hatari. Katika sampuli za malaria zilizochunguzwa wilayani Karagwe mwaka 2021, zaidi ya 20 kati ya 100 zilikuwa na vimelea vyenye badiliko la kijeni liitwalo R561H, lile lile lililokwisha kuonekana Rwanda. Vimelea hivyo hukawia kufa. Alu bado inaponya, mradi umalize dozi.

Pima kwanza. Ukiandikiwa Alu, mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne mara sita, jumla 24, kwa siku tatu. Ukianza saa nne asubuhi, dozi ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Kuanzia hapo ni saa kumi na mbili asubuhi na jioni. Ukianza saa kumi alasiri, ya pili inaangukia saa sita usiku. Tegesha kengele ya simu, uamke.

Sasa chakula, ambacho wengi hawaambiwi. Ndani ya Alu mna dawa mbili: atemeta, ya jamii ya atemisinini, hupiga haraka na kuisha mwilini, lumefantrini hubaki ikifagia. Hiyo ya pili bila mafuta hufyonzwa kidogo tu. Ndizi na maharage ya kuchemsha havitoshi. Ongeza kikombe cha maziwa, karanga au parachichi. Msimu wa senene, mgonjwa amepata kisingizio.

Na chai ya atemisia, mmea unaotoa atemisinini? Wachina waliujua mmea huo zamani: tabibu Ge Hong, karne ya 4, aliagiza ulowekwe majini na kukamuliwa, hakusema uchemshwe. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Tu Youyou, mwaka 1971, aikamue dawa kwa joto dogo; akapata Nobel 2015. Sufuria yako haipimi kiasi, na haina lumefantrini. Iache.

Homa ikiendelea baada ya siku tatu, rudi kituoni uombe kipimo cha darubini, kwani kile cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona. Mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya, usingoje dozi nyingine: mpeleke hospitali ya Nyakahanga, au Isingiro kwa walio Kyerwa, usiku huo huo.