Mnada wa Feri: upandishe au uache?

Wadau, juzi Feri dalali ananadi tenga la vibua, bei imefika elfu 75. Mfukoni nina laki moja tu. Niingize yote?

Hesabu yangu: oda za uhakika WhatsApp ni elfu 110. Toa kupara, barafu na boda elfu 18, toa faida elfu 12. Mwisho wangu elfu 80. Nikaitaja. Jamaa akasema 85, nikaacha.

Mwaka jana niliweka mtaji wote kwa ubishi tu. Samaki wakalala, wakaharibika. Wiki nzima sikukanyaga mnadani.

Panga mwisho wako kabla dalali hajaanza kunadi. Kesho boti zitarudi, mtaji ukifa utabaki mtazamaji.