Taya la mtoto likivimba, si lazima iwe jino

Kanda yetu ya Ziwa ina saratani ya watoto aliyoieleza Dk. Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda. Katika seli nyeupe ya damu, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuhamia, mara nyingi, kwenye ile ya 14; seli huzaliana bila kukoma. Malaria ya mara kwa mara na kirusi cha Epstein-Barr huchangia. Mtoto mwenye Down huzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada. Hii hutokea baada ya kuzaliwa, wala hairithiwi, basi mama asilaumiwe. Nimepokea watoto waliokwisha kung'olewa meno bure, na uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili. Mwahishe Bugando. Wanaowahi dawa, wengi hupona.